Kache na Matanga ya Kupimia Diski

Ukitoka soko la Malindi ukaingia Kisumu Ndogo, ukishapita mashine ya kusaga unga, mkono wa kushoto kuna kibanda cha mabati kimepakwa rangi ya buluu upande mmoja. Rangi iliisha. Humo ndimo anamofanyia kazi Kache. Ukifika saa sita mchana utamkuta kazima feni, kafunga dirisha, jasho lamtoka mpaka kwenye viwiko, na macho yake yako kwenye saa ya ukutani. Hapo usimuulize kitu. Atakujibu, lakini jibu halitakufaa, manake hajakusikia.

Anapima diski. Hizi diski mpya za kompyuta, SSD, zile nyembamba kama kipande cha chingamu. Feni anaizima makusudi. Anasema diski inayokimbia kwenye duka lenye ubaridi si diski ya huku kwetu, manake mtu ataenda kuifanyia kazi kule Ganze bara chini ya bati, na diski ikipata moto hujipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua.

"Sasa niidanganye ya nini?" husema. "Ipate joto lake sasa hivi, tujuane."

Mi jina langu Alamin, na diski hizo nauza. Nina meza pale karibu na stendi ya tuktuk, chaja, kava za simu, memori kadi, na diski ndizo zinaniweka mjini. Na Kache tulijuana kwa ugomvi.

Nilikuwa nimemuuzia mwalimu mmoja diski, boksi limeandikwa megabaiti elfu tatu na mia tano kwa sekunde. Nikamwekea ile programu ya kupima spidi, mshale ukapanda mpaka ukagonga mwisho, mwalimu akacheka, akaenda zake. Kesho yake karudi na boksi mkononi. Kisa? Kuna mwanamke Kisumu Ndogo kasema diski hii inachoka.

Nikaichukua nikaenda nayo mpaka kibandani. Salamu sikutoa.

"We dada, nani kakupa kazi ya kunusa mali za watu? Diski inachoka? Kwani ni punda?"

Kache akaniangalia tu. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, leso kaifunga kiunoni. Akasukuma kibao kwa mguu.

"Keti. Hiyo ndiyo yenyewe? Ilete tuipime wewe ukiwepo, usiseme nimekusengenya."

Akaijaza nusu kwanza na vitu ovyo, sinema za zamani. Akasema diski tupu kila mtu anakimbia nayo, shughuli ni ikishaanza kujaa. Halafu akaanza kuipelekea mzigo wenyewe, na macho yakaenda kwenye saa. Giga arobaini za kwanza ziliruka, nikaanza kumcheka. Kisha ule mstari kwenye kioo ukaanguka, puu, ukalala chini. Kompyuta ikaandika zimebaki dakika mbili. Baada ya dakika kumi bado ilikuwa inasema zimebaki dakika mbili.

"Ndiyo maana natumia saa ya ukuta," akasema. "Hii ya humu ndani ni kama fundi nguo, kila ukienda yuakwambia kesho."

Ilichukua dakika thelathini na moja. Akatoa diski nyingine, boksi lake halina majivuno yoyote, akaifanya vile vile. Dakika tano na nusu.

"Yako ina sebule ndogo ya mbele," akanieleza. "Mgeni akija na kikapu kimoja anapokewa haraka, anasifu nyumba. Wakija harusi nzima sebule yajaa, waliobaki wasimama nje juani. Na ile programu yako hupeleka kikapu kimoja tu."

Nikaligeuza boksi langu, nikaisoma tena ile elfu tatu na mia tano.

"Na wewe ulipeleka nini humo?" nikamuuliza.

"Mzee Kambi," akasema.

Sikuelewa, akanionyesha. Mzee Kambi alikuwa mtu wa Ganze, alifariki kama miaka mitatu nyuma, na matanga yake yalipigwa video siku tatu, mchana na usiku. Mpiga video alikuwa Jefwa, ana kamera nzuri lakini mikono yake haishiki. Siku moja diski yake ilianguka kwenye bodaboda, akamletea Kache inalia kama panya. Kache alikaa nayo siku nne mpaka akakitoa kila kitu salama. Jefwa akakata video ya masaa mawili, akawapa wafiwa kwenye flashi. Hayo mengine akamwambia Kache, fanya utakavyo.

Kache akaona amepata kipimo. Giga mia na themanini, na ndani mna kila aina ya mzigo. Video ndefu, picha elfu nne, sauti za nyimbo zilizorekodiwa kwa simu, mpaka zile karatasi za ratiba ya mazishi.

"Sinema ni faili moja kubwa," akaniambia, "hata diski mbovu huimeza. Kazi za watu haziko hivyo. Ushawahi kuhama nyumba? Kabati labebwa mara moja, yaisha. Vijiko na vikombe ndivyo vinavyokula siku."

Basi kila diski inayoletwa, anaijaza nusu, anampitisha mzee, anatazama saa. Kisha anafungua sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, aone kama video yacheza kweli, manake kuna diski hukwambia nimepokea kumbe imetupa. Akiridhika anamfuta mzee, anamrudishia mtu diski yake, na kwenye daftari anaandika jina la diski na dakika. Ameifanya kazi hiyo miaka miwili. Daftari lina diski mia tatu na kitu. Mjini hapa sasa mtu haulizi tena boksi lasema nini. Anauliza, imempitisha mzee kwa dakika ngapi?

Toka siku hiyo nikawa sileti mzigo bila kupitia kwake. Kila Jumanne nakwenda na diski moja ya kila aina, naketi. Na kwa kuketi ndiyo nikamjua.

Kache ni mwana wa Ziro, kwao Vitengeni. Amelelewa kwenye shamba la mahindi, mwaka mvua ikikataa wanakula walichokiweka, na maji ni mtungi kichwani tangu alfajiri. Shule aliishia kidato cha pili. Alikuja Malindi kufagia saiba, duka la kompyuta za kukodi, na mwenye saiba alipokuwa hayupo watu wakimwomba awachapie ratiba za mazishi. Hivyo ndivyo alivyojua kompyuta, kwa kuandika majina ya wafu na watoto wao. Saiba ilipofungwa, mwenyewe akamwachia zile mashine mbovu, akazifungua moja moja mpaka akajua ni kwa nini zilikufa.

Hiki kipimo hakukianza bure. Wakati anaanza kazi, kwaya moja ilimletea nyimbo zao zote azihifadhi. Akawawekea kwenye diski imeandikwa tera moja. Kumbe ndani ilikuwa giga sitini na nne, imepakwa uongo. Ikaendelea kupokea, na kila ilichopokea baada ya hapo kikapotea. Kwenye hizo nyimbo kulikuwa na sauti ya bibi mmoja aliyekuwa ashafariki. Kache haongei sana habari hiyo. Aliniambia mara moja tu, akaendelea kukaza skrubu.

Sasa mimi ndiye niliyeharibu. Sitaificha.

Ilikuwa siku ya soko, na Abubakr, huyu anayehariri video za harusi kule Shela, kaja mezani kwangu kunisomea. Ati diski niliyompa nzito, ati mi mwizi. Watu wanasikiliza. Damu ikanipanda.

"Diski hiyo imempitisha mzee Kambi kwa dakika tano na sekunde arobaini," nikamwambia kwa sauti. "Mzee kafutwa mara mia tatu pale Kisumu Ndogo, hajapata kupita vizuri hivyo. Shida ni kebo yako, kebo ya mwaka arubaini na saba."

Hapo kando kulikuwa na mama mmoja anachagua chaja. Akaiweka chini.

"Mzee Kambi yupi?"

"Yule wa Ganze. Wa matanga."

"Anafutwa na nani?"

Na mi bado nina hasira za Abubakr, nikamweleza yote, mpaka kibanda kilipo nikamwonyesha kwa kidole. Aliposhaondoka ndipo jirani yangu akaniambia, huyo ni Easter, anashona nguo za shule Muyeye. Bintiye marehemu.

Siku ya tatu nikiwa kwa Kache, Easter akaja, na nyuma yake mzee mmoja kavaa koti zito kwenye lile joto. Mzee Baya, mdogo wake marehemu. Alikuwa ametoka Ganze alfajiri hiyo.

"Shikamoo, baba," Kache akasema, akampa kibao.

"Marahaba. We mwana wa nani?"

"Wa Ziro, kule Vitengeni."

"Basi si mgeni. Ndiyo nazidi kushangaa." Akaketi. "Nimeambiwa ndugu yangu yumo humu."

"Yumo, baba."

"Na kila siku mwamzika."

"Nafanya kopi, baba, halafu kopi ndiyo naifuta. Mwenyewe haguswi."

"Hiyo kopi ina sura za watu wake?"

"Ina."

"Sauti za dada zake wakimlilia?"

"Ina."

"Basi ni matanga yake. Sisi tulimlilia siku tatu, tukachinja, tukaanua tanga, yakaisha. Sasa wewe wamtoa, wamzika, wamtoa, wamzika, mara mia tatu. Koma wake, mzimu wake, akinijia ndotoni akaniuliza kwa nini hapumziki, nimwambieje? Nimwambie ni mambo ya spidi?"

Nilitaka kucheka nikaona uso wake, nikaacha.

Easter alikuwa bado amesimama. "Mi nimeokoka, mambo ya koma nishaachana nayo," akasema. "Lakini ni babangu. Usiku wa pili nilianguka pale mbele ya watu, nikashikwa na wanawake. Na hiyo umeipimia diski?"

Kache hakuangalia pembeni. "Ndiyo. Iko kwenye faili la sita."

"Hukuona haya?"

"Siku za mwanzo niliona. Baadaye nikawa naangalia saa."

Mi nikashindwa kuvumilia. "Mama, lakini mnajua watu wangapi huyu kawaokoa na diski bandia? Hilo daftari lote ni la dakika za mzee. Mkimtoa, diski mpya ikija itapimwa na nini? Mia tatu zote zimekuwa takataka."

"Alamin," Kache akasema, "kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi kaa kimya."

Akamgeukia mzee. "Kosa ni langu, baba. Jefwa alinipa, na mi sikuuliza kama ni chake cha kutoa. Mwataka nifanye nini?"

"Mtoe."

"Nitamtoa. Nipeni wiki moja."

"Na usimfute. Kufutwa kumetosha."

Hata mi nililiona hilo fundo. Kitu kiko ndani ya mashine yako, waambiwa kisiwemo, na waambiwa usikifute.

"Tafuta njia," mzee Baya akasema akiinuka. "Si we ndiye fundi?"

Walipoondoka nikamwambia Kache maneno ya mjini. Wape kopi moja wafurahi, yako ificha, yule mzee atajua wapi mambo ya diski. Akaendelea kufuta meza.

"Easter kaniuliza swali gumu, nikamjibu kweli," akasema. "Akija kuniuliza lingine wataka nimwambieje?"

Nikakasirika. Nikamwambia anajitupia riziki yake chooni kwa ajili ya ndoto za mzee mmoja, nikatoka. Siku nne sikwenda. Ya tano nikajikuta niko kwenye mashine ya kusaga, miguu imejipeleka.

Nje ya kibanda kulikuwa na kamera ya Jefwa juu ya miguu yake mitatu, imeelekezwa barabarani, na kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nene: KAMERA INACHUKUA BARABARA SIKU TATU. KAMA HUTAKI KUWEMO INGIA UNIAMBIE. Kache alikuwa anatengeneza kipimo kipya. Tuktuk, mbuzi, wasichana wa shule, muuza mabuyu. Linet, bintiye, alipewa simu apige picha elfu nne, kapiga kila mlango wa mtaa huu na kila paka. Mama mmoja aliingia akasema yeye hataki, kuna mtu kamdanganya kuwa yuko Mombasa. Kache akamkata kwenye video palepale, akamwonyesha hayumo.

"Unaiitaje hii?" nikamuuliza.

"Barabara."

"Giga ngapi?"

"Mia na themanini kamili. Ikifika hapo nazima."

Tukaishia hapo, ugomvi haukutajwa tena.

Jumamosi wakaja, mzee Baya na koti lake, Easter na mkoba. Saa sita kasorobo. Kache akawawekea maji ya kunywa, akaongea na mzee.

"Baba, nina ombi moja, na ukikataa basi. Nataka nimpitishe mara moja ya mwisho. Diski moja nipitishe Barabara, halafu diski hiyo hiyo nimpitishe mzee, nijue dakika za huyu ni sawa na ngapi za yule. Nikijua hivyo zile mia tatu hazipotei. Na hiyo kopi haifutwi. Mwaondoka nayo."

Mzee Baya akaweka kikombe cha maji chini.

"Yaani wataka amkabidhi kazi huyo wa pili kabla hajaondoka."

"Hivyo hivyo, baba."

"Hayo ndiyo maneno ya kuniambia tangu mwanzo. Fanya, mi nakuona."

Akazima feni, akafunga dirisha. Easter akauliza kwa nini, nikamweleza, akaitoa leso yake begani akaanza kumpepea ami yake. Kache alikuwa amechagua diski siku mbili. Haikuwa ile ya haraka kuliko zote. Ilikuwa ile ambayo kwenye daftari haikuwahi kubadilika, asubuhi au mchana, tupu au imejaa. Akaijaza nusu. Akapitisha Barabara, dakika sita na sekunde mbili. Akafungua sehemu tatu, yacheza. Akaifuta Barabara, akaiacha diski ipoe, akaiwasha tena.

"Sasa mzee," akasema.

Watu wanne tunatazama saa ya ukuta, mshale mwembamba wazunguka. Mzee Baya alivua kofia. Dakika ya tano ikapita. Kwenye tano na sekunde arobaini na moja Kache akasema, "Kafika."

Akafungua mwanzo, watu wanashuka kwenye lori na sufuria. Akafungua katikati. Alipotaka kufungua mwisho, mzee Baya akanyoosha mkono.

"Ngoja. Alfajiri ya siku ya tatu dada yetu mkubwa aliimba peke yake. Kwenye ile flashi ya Jefwa wimbo huo haumo. Na yeye ashakwenda, mwaka jana."

Kache hakutafuta. Aliingia faili la kumi, akasogeza mpaka dakika ya kumi na mbili, akaacha. Giza giza, moto umebaki makaa, na sauti ya bibi inatoka pale, nyembamba, haina haraka. Kigiriama chenyewe cha ndani, mi sikukielewa. Easter alikaa chini kwenye sakafu. Mzee aliinamisha kichwa akausikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu kwa lugha yao na Kache akaitikia.

Kache akazitoa zile sinema kwenye diski, akaitia kwenye bahasha na kumpa Easter. Kisha akazima mashine yake, akachukua bisibisi, akafungua ubavu. Mi sikujua anafanya nini mpaka aliposhika ile diski ya ndani, ile anayokaa mzee siku zote, ambayo humwaga mzigo kwenye diski zingine. Hiyo ndiyo diski bora kuliko zote Malindi hii, naisema mi muuzaji. Bila diski kali ya kumwaga, huwezi kupima kali ya kupokea. Aliitafuta mwaka mzima.

Akaiweka mkononi kwa mzee Baya.

"Huyu hapa, baba. Hajafutwa. Hii iende Ganze, ile ikae na Easter. Kwangu hakuna kitu chake kilichobaki."

Mzee aliipima uzito kama mtu anayepima mbegu. "Ndugu yangu alikuwa mzito kuliko hivi," akasema, na Easter akacheka huku machozi yanamtoka.

Nikaanza kufikiria ni diski gani niliyonayo mezani kwangu inayoweza kuingia kwenye ile nafasi tupu, na nikajua atataka kuipima mara tatu kabla hajaikubali.

Kache akafungua dirisha, akavuta daftari. Chini ya zile dakika mia tatu akapiga mstari, akaandika polepole. Mzee Baya alikuwa ashafika mlangoni, akageuka.

"Waandika nini?"

"Jina lake, baba, na la Barabara, na dakika zao. Mtu akija nyuma yangu ajue ni nani aliyetangulia."

Mzee akarudi, akainama juu ya daftari. Kusoma sidhani anajua. Akaweka kidole pale wino ulipokuwa bado haujakauka, pembeni kidogo, asiuguse.

"Hilo jina liache," akasema.